Mwaka Nilioitwa Kiangazi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nilijifunza kulima kwa mdomo. Nilisimama nje ya ua wa bustani, mikono nyuma, nikimpigia kelele binamu yangu Bosibori aliyekuwa ndani na kopo la maji.

"Hapo ni magugu! Unanywesha magugu, Bosibori!"

"Njoo basi unyweshe mwenyewe."

"Nimekwambia mguu unaniuma."

"Mguu gani? Jana ulikuwa wa kushoto."

Mguu wangu haukuwa na neno. Nilikuwa katika siku zangu, na kwetu msichana aliye katika siku zake hakanyagi bustani ya mboga. Akiingia, majani hugeuka njano, na boga changa huanguka kabla halijafika ukubwa wa ngumi. Sheria hii haikuandikwa popote. Kanisani kwetu haikuhubiriwa, na sisi ni Wasabato, watu wa kuhubiriwa hata jinsi ya kutafuna. Lakini kila mwanamke aliijua, na aliyenifundisha mimi ni nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Magokoro, kama nyanya wote wa Kisii wanavyoitwa.

Nimesema sheria mapema ili isiwepo hoja kwamba sikuijua. Niliijua na niliitii. Chuoni, kwenye midahalo, nimezoea kuanza kwa kuweka wazi tusilobishania, na hili hatubishanii: mimi sikuingia.

Magokoro ndiye aliyenilea, huko upande wa Nyaramba, baada ya baba yangu kufariki. Mama alikuwa anauza mitumba Mosocho na chumba alichopanga kilitosha kitanda na marobota ya nguo tu. Alikuja mara moja kwa mwezi akiwa na sabuni, sukari na maswali mengi ya haraka haraka. Kwa hiyo mambo yangu ya kila siku, jino likitikisika, mwalimu akinichapa, niliyapeleka jikoni kwa Magokoro. Alisikiliza akiendelea na kazi, bila kunitazama. Nilipenda hivyo. Mtu asiyekutazama unamwambia mengi.

Bustani ilikuwa nyuma ya jiko hilo. Haikuwa kubwa, ungeivuka kwa hatua ishirini. Ilikuwa na chinsaga, ile mboga chungu ambayo Mkisii akikosa kwa wiki mbili huanza kuugua, na managu, na kunde kidogo, na mboga za maboga zilizopanda juu ya ua. Miezi ya mvua hakuna mtu anayesifiwa kwa kuwa na mboga, hata mvivu anazo. Kazi ilikuwa Julai na Agosti, wakati wa baridi, mvua zimekatika na ukungu unakaa juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne. Mwenzangu wa chumba hapa chuoni ni mtoto wa Malindi. Hakuniamini nilipomwambia kwamba kwetu kuna asubuhi ambazo vidole vinakataa kufunga kifungo cha sare.

Chinsaga haipendi baridi. Inadumaa, inanuna, inatoa maua kabla ya majani. Basi Magokoro alikuwa na mbinu zake. Tulinywesha saa nne, ukungu ukishaondoka, kwa maji yaliyoachwa kwenye jua kidogo. Jioni tulifunika miche kwa majani ya ndizi. Na kila asubuhi nilipita mstari kwa mstari nikigeuza majani, nikipata chawa wa mboga ninawaponda kwa vidole, kisha ninanyunyiza jivu la jikoni. Jivu tu. Hilo ndilo lilikuwa jina la Magokoro kanisani. Akina mama walisema, "Mboga ya yule haijui dawa." Wengine walipuliza kila kitu mpaka vitunguu, yeye alikuwa na jivu na samadi na mjukuu.

Kila Agosti tulikuwa na makambi, ile mikutano ya wiki nzima watu wakikaa chini ya hema, na Sabato ya mwisho wageni walilishwa. Kabichi na mchele vilitoka kwa kila mtu. Chungu cha chinsaga kilitoka kwa Magokoro, zimechemshwa Ijumaa, zikalazwa kwenye maziwa, zikaliwa Sabato mchana. Mwaka ule aliniambia, "Mwaka huu chungu ni chako. Mimi nitakibeba tu, lakini nitasimama niseme kimetoka mkononi mwa Kemunto." Mtoto wa darasa la sita kutajwa kwa jina mbele ya hema zima! Sikulala vizuri wiki nzima. Tangu Juni sikuwa na mchezo mwingine ila bustani ile.

Siku zangu za kwanza zilinijia mwanzoni mwa Julai. Na zilinikuta wapi? Ndani ya bustani, nimechuchumaa kati ya managu, napalilia. Niliona doa kwenye sketi nikatoka mbio nikilia, na kilio chenyewe hakikuwa cha damu.

"Magokoro, nimeziua! Zitakufa zote!"

Aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi, akanishika mabega, na safari hiyo akanitazama. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Yaya, hapana, mwanangu. Mara ya kwanza mboga husamehe."

Alinichemshia maji ya kuoga, akaenda mwenyewe dukani kuninunulia sodo, akazileta zimefungwa kwenye gazeti kama nyama. Jioni akanieleza sheria yote: siku ngapi nikae nje, na kwamba niseme nina ugonjwa wowote ninaotaka. Nikamwomba asimwambie mtu. Nilikuwa mdogo kwa umbo na wasichana wa darasa letu walioanza walichekwa na wavulana mpaka wakaacha kwenda ubaoni.

"Nimwambie nani?" alisema. "Hii ni yetu wawili. Hata mama yako utamwambia mwenyewe, ukitaka."

Mboga zilisamehe kweli. Managu niliyokuwa nimechuchumaa katikati yake yalikuwa ya kwanza kuchumwa.

Agosti zikanirudia, Jumatatu ya wiki ya makambi yenyewe. Nikasimama nje ya ua kama nilivyofundishwa, Bosibori akawa mikono yangu. Lakini Bosibori alikuwa na mikono ya mtu aliyelazimishwa. Aligeuza jani moja, akaruka matano. Jivu alilimwaga rundo moja, kama anayelisha kuku. Kutoka nje niliona vijani vya juu vikianza kujikunja, nikajua chawa wameingia. Nilimwambia Magokoro Jumatatu jioni. Alikwenda akatazama, akarudi. Alisema tu kwamba wageni mwaka huu ni wengi.

Jumanne mchana mimi na Bosibori tulikwenda mazoezi ya kwaya ya watoto. Jumatano bustani ilikuwa na rangi nisiyoielewa, kana kwamba mtu ameifunika kwa kitambaa cha kijivu. Nilisema ni baridi. Alhamisi asubuhi nilifika kwenye ua nikaona chinsaga zote zimelala. Majani yalikuwa na madoa meupe, yamekauka kingoni, mithili ya kitu kilichomwagiwa maji yanayochemka. Managu vilevile. Maua ya maboga yalikuwa yameanguka. Mstari mmoja tu wa mwisho, ule wa karibu na mgomba, ulisimama mzima, kijani, wala haujui kilichotokea kwa jirani zake.

Siku hiyo hiyo saa tano walikuja akina mama wanne wa kanisa na vikapu, kuchuma za Ijumaa. Aliyewaongoza ni Mama Nyaboke, mkuu wa jikoni makambini, mwanamke mnene mwenye mzaha, aliyeongea akiwa bado yuko barabarani.

"Mama, tumekuja kukupunguzia mzigo! Chinsaga ziko..." Akasimama kwenye mlango wa ua. "Ee! Hizi zimepatwa na nini?"

Magokoro alikuwa amesimama kando yangu. Niliusogelea mkono wake. Nilidhani tunaomboleza pamoja.

"Hizi zimechomwa," alisema mmoja wa wale wanawake, akichuma jani na kulinusa. "Ni kama dawa hii."

Hapo ndipo Magokoro alipozungumza. Hakusita. "Dawa gani? Mimi na dawa tunajuana wapi? Ni huyu mtoto. Ameanza kuona siku zake, na watoto wa siku hizi ukiwaambia wakae nje, wanangoja ukiwapa mgongo wanaingia."

Nakumbuka kwamba sikuelewa mara moja. Nilingoja amalizie, nikifikiri anasema juu ya mtoto mwingine. Kisha nikaona macho ya wale wanne yamenishukia, kutoka usoni hadi kwenye sketi, na kurudi.

"Huyu mdogo hivi?" Mama Nyaboke aliuliza, akapiga makofi. "Kumbe tuna mwanamke hapa! Na nguvu hizo! Shamba zima! Sisi wengine tukiingia kwa bahati mbaya hukauka shina moja, huyu ameleta kiangazi."

Wakacheka. Sio kwa ubaya, naweza kukubali hilo leo. Walicheka jinsi wanawake wanavyocheka mambo yao. Mmoja akavuta kikapu chake kando nilipopita: "Kiangazi, usinikaribie, nina sukumawiki humu."

"Sikuingia," nilisema. "Magokoro, waambie sikuingia. Uliniona nje."

Alinijibu akitazama mboga. "Usibishane na watu wazima."

Kama ingeishia hapo, ningeisamehe mapema. Ningesema mzee alikosea. Imani ile alizaliwa ndani yake, akaona mboga zimekauka wiki yangu, akaunganisha. Kukosea si kusaliti. Usiku kucha, au kile nilichokiona kuwa usiku kucha, nilijiuliza hata kama labda kivuli changu kiliruka ua.

Ijumaa asubuhi nilitumwa kwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, aliyeishi ng'ambo ya shamba letu la chai, kuazima sufuria kubwa. Nilimkuta anafua koti. Pampu yake ya mgongoni, ile ya kupulizia, ilikuwa imelazwa kwenye nyasi.

"Mboga zimependeza?" aliniuliza. "Wale chawa wamekufa?"

"Chawa gani?"

"Kwani hukuambiwa? Nyanya yako aliniita Jumanne nipulize. Alisema nije mkiwa kwaya. Nilikuwa natoka kuua magugu kwenye chai, nikapitia huko huko. Dawa ya chawa ilikuwa kidogo, iliishia kabla ya mstari wa mwisho, ule wa mgomba."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini mtoto wa wakulima wa chai anajua dawa ya magugu. Anajua haichagui. "Baba mdogo, pampu uliiosha?"

Akaacha kufua. Alitazama pampu, akanitazama mimi, akasema neno moja la Kikisii ambalo sitaliandika.

Sikuchukua sufuria. Nilikimbia. Niseme ukweli wote: nilikimbia kwa furaha. Shamba la miezi mitatu limekufa, chungu changu hakipo, na bado niliruka mitaro ya chai kama mbuzi, kwa sababu nilikuwa nampelekea Magokoro habari njema. Si mimi! Ningemwambia, angeshika kichwa, angevaa kitenge twende wote kwa Mama Nyaboke.

Nilimkuta jikoni anakata kabichi alizonunua Nyaramba sokoni.

"Magokoro, ni pampu! Ilikuwa na dawa ya magugu! Baba mdogo hakuiosha! Si mimi!"

Kisu hakikusimama. "Punguza sauti."

"Lakini si mimi!"

"Nani amekuambia mimi sijui?"

Nilikaa chini pale pale, kwenye majivu.

Alijua tangu Jumatano. Alikwenda asubuhi akainusa ile rangi ya kijivu, na kwa kuwa ana pua na ana akili, alijua. Alinieleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza kuliko yote. "Sikiliza. Nikisema dawa, watu watasema miaka yote nilikuwa napuliza kwa siri. Hakuna atakayekula mboga ya mkono wangu tena. Wewe ni mtoto, jambo hili litakutoka. Kila mwanamke ameshawahi kuambiwa ameua mboga. Mimi niliambiwa, mama yangu aliambiwa. Hakuna aliyekufa."

"Ulisema ni yetu wawili."

"Ndiyo," alisema. "Na bado ni yetu wawili. Hii ya pampu."

Yaani alinipa siri mpya badala ya ile aliyoigawa. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Niliitunza. Miaka tisa. Baba mdogo naye alinyamaza, bila shaka alifurahi kunyamaza.

Mama alifika Sabato asubuhi kutoka Mosocho, amevaa gauni jipya la bluu, kwa ajili ya kusikia jina langu likitajwa. Alisikia, lakini si kutoka mbele. Alikuwa kwenye foleni ya uji na mwanamke mmoja akampongeza kwa binti aliyevunja ungo, akamwonya amfunge kamba mbali na mabustani. Mama alikuja akanivuta nyuma ya hema. Nilidhani atanipiga, ningeshukuru.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Julai."

"Na leo ni Agosti. Hema zima linajua. Mimi mama yako nimeambiwa na mtu nisiyemjua jina, nimeshika kikombe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikukosea nini, Kemunto?"

Kumweleza ningelazimika kumtaja Magokoro, na Magokoro alikuwa hatua kumi kutoka pale, anagawa kabichi, akiniangalia. Mama alirudi Mosocho kabla ya ibada ya mchana. Tangu siku ile hadi leo, yeye nami tunaongea vizuri, kwa adabu, jinsi watu wanavyoongea benki.

Jina la Kiangazi lilinifuata hadi darasa la nane. Wavulana walilipata wapi? Kwa mama zao. Nikienda ubaoni mtu alinong'ona, "Funikeni maua." Ndipo nilipojifunza kujibu. Watu wanaonisikia chuoni wananiuliza nilianzia wapi mdahalo, nao hutarajia nitaje shule fulani.

Mwaka jana tulipewa hoja kwamba mila zimemkandamiza mwanamke kuliko umaskini. Wenzangu walinitaka niunge mkono, niliye na mfano tayari. Nilikataa upande huo. Mila ilinisimamisha nje ya ua, sawa, na ni mila ya kipuuzi. Kama ningeruhusiwa kuingia, chawa ningewaponda kwa vidole vyangu na pampu isingeitwa kabisa. Hilo nitalisema popote. Lakini mila haikufungua mdomo mbele ya Mama Nyaboke. Aliyefungua ni mtu, anayenijua, aliyekuwa na ukweli mkononi, akatazama akaona uongo ulio karibu zaidi na unaoaminika haraka zaidi ni mimi. Sijui hata kama yeye mwenyewe aliiamini sheria ile. Ndilo swali ambalo lingenisaidia, na sijawahi kumuuliza.

Nilimwomba jambo jingine. Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, baridi inaisha, tukipanda upya. Magokoro amepungua, mgongo umepinda, lakini bado anasifiwa. Bado ni jivu tu. Nilikuwa katika siku zangu na nikamwambia hivyo kwa sauti, nikiwa nimeshasimama katikati ya chinsaga. Aliinua uso.

"Basi anzia huku," alisema, "kule miche bado midogo."

Hivyo tu! Nikaona nisimwache. "Magokoro, ile siku. Mama Nyaboke bado yuko hai. Mwambie."

Alifukia mbegu, akasawazisha udongo kwa kiganja, akahamia shimo lingine. Nilihesabu mashimo sita.

"Nimezeeka, Kemunto," alisema. "Unataka nizikwe na jina gani?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu kumi na manne, yamepangwa. Nikaokota kopo nikanywesha mstari wangu, kwa sababu alikuwa anatetemeka kwa baridi na kwa sababu nampenda. Haya mawili hayajafuta hata neno moja la yale mengine.

Kila Jumamosi, jua likishatua na Sabato kuisha, ananipigia simu. Anauliza, "Habari zako?" na kisha ananyamaza, vile alivyonyamaza zamani jikoni, akiacha nafasi ya mtu kumwaga yaliyo moyoni. Machi mwaka huu nilifanyiwa upasuaji mdogo nikalazwa siku nne. Simu ilipolia nilishuka kitandani taratibu, nikashika ukuta hadi kwenye korido ambako hakukuwa na sauti za wauguzi, nikamwambia masomo yanaendelea, na kwamba huku mvua zimeanza.